Majina Kumi na Moja ya Ghaibu

Ruqaya, ufunguo wa kabati la chuma hauzunguki kulia. Zungusha kushoto mpaka usikie umelia, kisha inua mlango kwa goti, ndipo uvute. Nimeanza na hilo kwa sababu siku yangu ya kwanza hakuna aliyeniambia. Nilisimama mbele ya kabati lile tangu saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri nikiona haya kuuliza, na waliopita walidhani nimeajiriwa kulilinda.

Mwenyekiti wa lajina, kamati yetu ya ardhi, aliniomba nikuachie ukurasa mmoja wa maelezo ya kazi. "Mukhtasar tu, Bi Zuhura," aliniambia kwenye simu. Ukurasa mmoja unatosha kwa kabati. Lakini lipo jambo ambalo lazima nikwambie kabla ya siku ya kura, nami najijua: nisipoanzia mbali sitalifikia.

Ardhi tunazoziangalia si za serikali wala si za mtu mmoja. Zinaitwa rumumu, ardhi za wenyeji walizoachiwa na wazee wao tangu kabla ya karatasi. Haziuzwi wala haziwekwi rehani. Mwenye haki ni mtu wa kijiji, na haki yake ni kuingia kwenye kura. Kila mwaka, joto likishavunjika, mashamba ya ngano na ya majani ya mifugo yanagawiwa upya, na kila nyumba ina kibao chake kwenye kikapu. Kibao kinachotoka kwanza kinachukua shamba la kwanza juu ya falaji, mfereji wa maji, cha pili la pili, mpaka maji yanapoishia. Kazi ya ofisi yetu ni kujua nani ana kibao na nani hana. Mengine yote, barua, mihuri na chai, yamezaliwa na hilo.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne nilipoingia pale. Unguja nilitoka na wazazi wangu nikiwa na kumi na moja. Tulikuja kwenye kijiji hiki, robo saa kwa gari kutoka Ibra, Oman, kwa sababu baba alikuwa na kitu kimoja tu mkononi: jina la baba yake, Salum bin Hamed, aliyeondoka hapa kijana akafia Pemba. Babu alikuwa mtoto pekee. Nyumba yao tuliikuta imekuwa tuta la udongo, na jamaa wa karibu wamekwisha. Baba alikodi vyumba viwili kando ya barabara, akapata kazi ya udereva, akafa bila ya kumwambia mtu yeyote kwamba naye anayo haki pale. Alikuwa mtu wa haya. Haya zake nimezirithi zote, na ndio urithi pekee ambao haukudai mashahidi.

Walinichukua kwa sababu nilijua kupiga taipu ya Kiarabu, na kwa sababu hakuna mwanamume aliyeitaka kazi hiyo. Chumba chetu unakijua. Kimeungana na sabla, ukumbi wa wanaume, kwa dirisha moja la mbao. Mafaili yanapita dirishani, chai inapita dirishani, na maneno yanapita yakitaka yasitake. Miaka thelathini na sita nimesikia kila kikao cha lajina, na sikuingia hata kimoja. Nilivijua vikohozi vya wajumbe kabla sijazijua sura zao. Yupo mmoja niliyemsikia miaka minane, siku nilipomuona sokoni Ibra sikumtambua mpaka alipopiga chafya.

Wakili wa ardhi, yaani msimamizi wake, siku zile alikuwa Maalim Nasor, mzee wa karibu miaka sabini na tano. Ndiye aliyenifundisha kazi. Asubuhi ile ya kwanza aligonga dirisha kwa fimbo, nami kwa mazoea ya nyumbani nikasema, "Shikamoo." Nikajuta papo hapo, maana pale watu wanaamkiana kwa Kiarabu. Kisha dirisha likafunguka lote, nikaona ndevu nyeupe na jicho moja lililokwisha fanya ukungu.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Neno hilo sijaambiwa tangu nitoke Wete."

Alikwenda Pemba kijana, akachuma karafuu za watu, akarudi kuja kuoa. Kiswahili chake kilikuwa kimekaa miaka mingi bila ya kutumika, kikitoka kwa kukwaruza, lakini kilikuwa Kiswahili. Tokea siku hiyo hakusema nami lugha nyengine. Wajumbe wakimuuliza tunazungumza nini, aliwajibu, "Shughuli za ofisi." Mara nyingi tulikuwa tunazungumzia namna ya kupika mhogo.

Alinifundisha kuchonga vibao. Vinatokana na karabu, kile kikonyo kipana cha kuti la mtende kinachobaki kwenye shina. Kichonge kikiwa kikavu kabisa, la sivyo wino utatawanya na jina la Hilali litasomeka Jalali, kisha utakuwa na nyumba mbili zinazogombania shamba moja. Vikishaandikwa usivianike nje. Mwaka wangu wa pili mbuzi wa jirani alikula karibu ukoo mzima wa Bani Ali, wakabaki watatu.

Alinifundisha pia kamba. Kamba ya kupimia mashamba imesokotwa kwa nyuzi za mtende, na ikirowa inaruka, inapungua urefu. Walikuwepo ndugu wawili waliogombana miaka tisa, mmoja akiapa kwamba mwenzake kaiba hatua mbili. Maalim Nasor alisikiliza yote, kisha akawauliza shamba la kila mmoja lilipimwa siku gani. Moja lilipimwa baada ya mvua. Hakuna aliyeiba, kamba ilikuwa imekunywa maji. Ndugu wale walikasirika zaidi kwa kukosa mwizi. Basi, Ruqaya, hata leo wanapopima kwa satelaiti, ukiletewa ugomvi wa zamani uliza kwanza kama ilinyesha.

Kazi yangu kubwa ya mwaka ule wa kwanza ilikuwa kuhamisha daftari kuukuu kwenye daftari jipya. Lilikuwa limeshaliwa na mchwa pembeni. Kila nyumba na mkuu wake, na pembeni mwa majina kumi na moja kulikuwa na herufi ya Kiarabu, ghaini, kwa wino mwekundu. Jina la saba kati ya hayo lilikuwa Salum bin Hamed.

Babu yangu, kwa mkono wa mtu, kwa wino, katika kijiji ambacho mpaka siku ile hakikuwa na alama yake yoyote isipokuwa tuta la udongo. Nikagonga dirisha.

"Maalim, hii ghaini nyekundu ni nini?"

"Aa, hao," alijibu kutoka upande wa pili, anakunywa kahawa. "Hao ni wa ghaibu."

Nawe umelelewa na bibi yako kwa Kiswahili, kwa hiyo utanielewa. Laiti angeniambia kwa Kiarabu ningefahamu mara moja. Skuli hapa mwalimu aliita majina kila asubuhi, na asiyekuwepo aliandikwa hivyo hivyo, kwa ghaini. Lakini Maalim Nasor alisema nami Kiswahili, nami nikamsikia kwa Kiswahili. Kwetu mtu anayesoma Yasini kwa ghaibu ni yule aliyeihifadhi moyoni, hahitaji msahafu. Na pale kijijini walikuwepo watu wa namna hiyo hasa. Zamani hapakuwa na ramani, mipaka ya rumumu ilihifadhiwa vichwani: kutoka jiwe lile mpaka mti ule wa msidiri, kutoka msidiri mpaka mdomo wa korongo. Waliohifadhi waliitwa mahafidhi, na siku ya kura, kabla kikapu hakijatikiswa, majina yao husomwa kwanza, wazima na maiti, watu wanawarehemu. Nikajua basi, babu yangu alikuwa mmoja wao.

Nilifurahi peke yangu wiki tatu nzima. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikimtazama kila mtu njiani kwa jicho jipya, kama kwamba wao ndio wageni. Nilitia majina yale kumi na moja kwenye orodha ya mahafidhi, nikaipiga taipu safi, na siku ya kura nikaipitisha dirishani.

Msomaji akasoma mahafidhi wa zamani, watu wakaitika, "Rahimahullah." Alipoingia kwenye majina yangu sauti za kuitikia zikapungua, zikakatika. Nilisikia mtu akisema, "Huyu si yule wa Bujumbura?" Mwengine akasema, "Waliosahau njia ya kwao ndio wanaokumbuka mipaka!" Sabla nzima ikacheka. Sikujua wanacheka nini. Nilisimama nyuma ya dirisha na glasi ya chai mkononi, na mimi nikatabasamu ili niwe pamoja nao.

Maalim Nasor alikuja baada ya wote kuondoka. Hakukaa kwenye kiti chake, alikaa kizingitini kwangu.

"Mwanangu, ghaibu nilokwambia ni ghayib. Hawapo. Walokwenda Afrika hawakurudi. Ndio maana ya ghaini."

"Hawakuhifadhi kitu?"

"Labda walihifadhi. Nani atajua?" Akatazama chini. "Kosa langu mie. Nilitia neno la Kiarabu kwenye Kiswahili, nawe ukalitoa kwa mlango mwengine."

Ndivyo nilivyojua, siku hiyo moja, kwamba nimefedheheka na kwamba babu yangu hana kibao. Fedheha ilinitoka baada ya mwezi. La pili halijanitoka.

Sheria ya ghaibu ni hii, nawe utaitumia, kwa hiyo isome vizuri. Aliyeondoka jina lake halifutwi, linawekewa ghaini, na haki yake inalala. Mtoto au mjukuu wake akirudi anaweza kuiamsha kwa mashahidi wawili. Kila shahidi awe amemjua aliyeondoka kwa macho yake, au amepokea habari zake kutoka kinywani mwa mzazi wake aliyemjua. Wawili hao waseme siku moja, sabla moja. Na mwandishi wa daftari hajiandiki mwenyewe, hata akiwa na mashahidi mia. Huandikwa na wakili.

Maalim Nasor alimjua babu. Alipofika Wete hana pa kulala, babu alimpokea, akampa mkeka na sahani, akamwambia kwa Kiarabu cha kijijini, "Wewe wa kwetu." Kwa hiyo shahidi mmoja nilikuwa naye, nyuma ya dirisha, kila siku. Wa pili nilikuwa simjui.

"Mtafute," aliniambia. "Mie nipo."

Nilisema inshallah. Nilisema inshallah miaka kumi. Niliolewa katikati, mume akafa kwa figo kabla hatujapata mtoto, nikarudi kwenye kiti kile kile. Nilikuwa nikiona wanaokuja kudai. Walikuwa wakivuliwa nguo kwa macho. Wazee waliwauliza majina ya visima na majina ya punda wa babu zao, na mtu mzima alitoka pale jasho linamtiririka. Mimi niliyasikia yote nyuma ya ubao nikajiambia: mwakani. Nakutakia usiwe na haya kama zangu. Watu huzisifu, lakini ni ugonjwa.

Kati ya waliokuja, mmoja sitamsahau. Jina lake Khalfani, ametoka Tabora na mke na watoto wanne na redio kubwa. Hakwenda sabla kwanza, alikuja mlangoni kwangu kwa sababu aliambiwa kuna dada anayejua Kiswahili.

"Dada, hamjambo. Mimi nimekuja kufanya rejista."

Jina la babu yake lilikuwa katika ghaini, la nne. Shahidi alikuwa naye mmoja, shangazi yake wa mbali, wa Samail, aliyesikia habari kwa baba yake mwenyewe. Nikamwambia wanatakiwa wawili.

"Sasa dada, si wewe ndiye mwenye daftari? Wewe ni mwenzetu. Piga stempu tu, nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Kwa hiyo unanikatalia? Mimi nimetoka Tabora mpaka hapa, nikataliwe na Mswahili mwenzangu?"

"Nakukatalia, kaka. Ukipata wa pili njoo."

Aliweka redio yake begani akatoka. Alifungua duka la matairi njia ya Ibra, na kwa miaka sita, kila gari la ofisi lilipopata pancha, alilitengeneza bila ya kunitazama usoni. Alifunga nati kwa nguvu hivi kwamba dereva wetu alishindwa kuzifungua.

Sikuwa na deni naye, lakini nilijua anavyohisi. Nikaanza kumtafutia shahidi. Niliandika barua, nikauliza kila aliyepita, na mwisho nikasikia habari za mzee wa Sur, wa ukoo wa wafanyabiashara, aliyekuwa na duka Tabora na ndugu Pemba. Maalim Nasor siku hizo alikuwa hatoki kitandani. Nilipita kwake kabla ya kwenda.

"Ukifika Sur muulize na lako," alisema.

Mzee wa Sur alinipokea ukumbini, mjukuu wake akikaa pamoja nasi. Nilimtajia babu yake Khalfani, akacheka kabla sijamaliza. Alimjua! Mtu mfupi, mkali, akiuza ngozi, na alikuwa akisema siku zote kwamba kijiji chake kina maji matamu kuliko Jannah, astaghfirullah. Alikubali kuja kusema. Nikatulia nikanywa kahawa yangu. Kikombe cha pili nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo hata nikaona haya nayo, "Na Salum bin Hamed, wa Wete?"

Alifumba macho muda mrefu. Mjukuu akatazama saa.

"Jina nalisikia," alisema. "Sura siioni."

"Labda baba yako alimtaja?"

"Mwanangu, jina nalisikia. Nikisema zaidi nitakuwa nimeongeza."

Nilimshukuru. Ni sawasawa alivyopaswa kusema. Nilirudi kutoka Sur nimekaa nyuma ya gari, nikajifunika uso kwa shela kama mwenye kulala, nikalia mpaka Al Kamil.

Khalfani alipata kibao chake. Siku jina la babu yake lilipoitwa akajibu, "Hadhir! Nipo!" kwa sauti iliyotikisa dirisha langu. Niliichonga ile karabu mwenyewe, nikaichagua nzuri. Maalim Nasor alifariki wiki mbili baadaye, na shahidi wangu wa kwanza, niliyekuwa naye miaka kumi nyuma ya ubao wa inchi moja, akaenda.

Baada yake hapakuwa na mtu wa kusema naye Kiswahili kazini. Sijui kama nitaweza kukueleza hilo. Watu walikuwa wema. Walinisalimia, waliniletea tende na halua. Lakini siku nzima sauti yangu ilikuwa ya ofisi, na nikifika nyumbani hapakuwa na mtu wa kuipa ile nyengine. Dada yangu aliyeko Samail ana wajukuu, simu zake ni fupi. Nilianza kusema na vyombo. Nikiosha glasi za chai nilikuwa nikiyasoma yale majina kumi na moja, moja baada ya moja, kwa sauti, kama mtu anayeita watu kula. Mfagiaji mmoja alinikuta, akadhani nasoma uradi, akasubiri mlangoni kwa adabu mpaka nikamaliza.

Wakili mpya aliingia, na mwengine baada yake. Taipu ikaondoka, kompyuta ikaja, na mikutano mingi ikahamia kwenye simu, hata nikavikosa vile vikohozi. Nilifurahi ulipokuja wewe, Ruqaya. Kiswahili chako kinachechemea, unasema "kitabu yangu" na "watu zote", lakini asubuhi ya kwanza ulisema shikamoo, nami nilishindwa kujibu mara moja. Ulidhani sikusikia. Nilisikia.

Sasa nafika.

Mwaka huu lajina iliamua, unajua, kwamba daftari liingie lote kwenye kompyuta na orodha ifungwe. Nyumba zilizopo zitabaki. Mahafidhi watabaki, nao hawafutwi kamwe, majina yao yatasomwa kila mwaka. Wa ghaibu wasiodaiwa na mtu mpaka siku ya kura watatolewa. Katika wale kumi na moja wawili haki zao zimeshaamshwa, babu yake Khalfani mmojawao, lakini desturi yetu haikuondoa ghaini zao, iliwachongea vibao tu. Waliobaki tisa.

Khalfani alisikia. Sasa ni mzee, duka la matairi analo mwanawe. Alikuja mlangoni kwangu na mkongojo, akakaa kile kizingiti alichokaa Maalim Nasor.

"Dada Zuhura, mimi nimekuja kusimama."

"Kusimama wapi?"

"Kwenye ushahidi wako. Nitasema babu yangu alimjua babu yako. Nimeongea na mwenzangu mmoja, na yeye atasema."

"Babu yako alimjua babu yangu?"

Alipapasa mkongojo wake. "Tabora na Pemba ni mbali, dada. Lakini nani atajua?"

"Nitajua mimi, kaka."

Akacheka, kisha macho yakamjaa maji. "Umenikatalia mara mbili."

"Mara ya pili ndiyo ngumu," nilimwambia, nayo ni kweli. Nilitamani sana angenidanganya bila ya kuniuliza kwanza. Angesimama tu akasema, nami niko nyuma ya dirisha, ningeweza kufa nisijue. Lakini aliuliza, na aliuliza kwa sababu ni mtu mwema.

Wiki yangu ya mwisho wewe ulikuwa kwenye kompyuta unaingiza majina, nami nafunga vikombe vyangu kwenye gazeti. Ukafika kwenye ukurasa ule.

"Bi Zuhura, hii ghaini nyekundu nini?"

Nilikujibu kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha yetu mimi na wewe. "Hao ni wa ghaibu."

"Aa," ulisema. "Kama bibi anavyosoma Yasini kwa ghaibu? Basi niwatie kwa mahafidhi?"

Naapa kwamba sikupanga. Neno lilinitoka kama lilivyomtoka Maalim Nasor. Lakini yeye hakujua nilivyosikia, na mimi nilijua ulivyosikia. Kikombe kilikuwa mkononi, nusu kimefungwa. Wewe ulisubiri kidogo, ukaona kimya changu ni ndio, ukaanza kupiga herufi. Nilikusikia mpaka ulipopita la saba. Nilimaliza kufunga vikombe, nikakuaga, nikaenda nyumbani.

Hiyo ni wiki tatu sasa. Nimekaa na furaha ile ile niliyokuwa nayo nikiwa na miaka ishirini na nne, na safari hii haikunipa usingizi. Nimefikiri: atadhurika nani? Hawachukui shamba la mtu. Watasomwa tu, mara moja kwa mwaka, na watu watasema Rahimahullah, na vijana wa siku hizi hawatajua wa Bujumbura ni nani. Nimefikiri pia habari za mzee wa Sur aliyefumba macho, na Khalfani na redio yake begani, na miaka sita ya nati zilizofungwa kwa hasira kwa sababu nilikataa daftari liseme uongo.

Fungua kabati. Kushoto, kisha goti. Daftari jipya ni la tatu kutoka juu, na kuukuu liko chini yake kwenye kitambaa. Kwenye kompyuta nenda orodha ya mahafidhi, utayakuta mwishoni yote kumi na moja. La nne na la tisa yana vibao, yarejeshe kwenye nyumba zilizopo. Mengine yatoe, Ruqaya. Ghaini ni ghayib. Nilinyamaza, nawe hukukosea.

Kabla hujayatoa yasome mara moja kwa sauti, dirisha likiwa wazi. Ukifika la saba, Salum bin Hamed, yule ni babu yangu. Hayupo.